Gasketi ya Pili

Pikapu yetu ilikuwa inashindwa na mlima mmoja tu. Milima mingine iliiweza, ikilalamika kidogo, lakini ule wa kutoka darajani hadi kwenye lami, tukiwa na mitungi ya maziwa nyuma, uliifanya iwe kama mgonjwa anayepandishwa ngazi. Mama angeingiza gia ya kwanza, ashike usukani kwa mikono miwili, halafu ainamishe kifua mbele kana kwamba anaisukuma kutoka ndani. Na mimi kando yake nilikuwa nainama pia. Sijui kwa nini. Ukikaa ndani ya gari linaloteseka, mwili unajitolea kusaidia bila kuombwa.

Ubaya haukuwa mwendo. Ubaya ni kwamba watu walikuwa wanatupita kwa miguu. Siku moja nyanya mmoja mwenye mzigo wa kuni mgongoni alitupita, akageuka, akasema kwa upole kabisa, "Pole, mama. Nikuletee kamba?"

Mama alicheka. Mimi niliteleza kwenye kiti mpaka macho yangu yakawa sawa na dashibodi.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa haya. Nikitumwa sukari dukani nikapewa chumvi, narudi nyumbani na chumvi. Mwalimu akiuliza swali ambalo jibu lake ninalijua, ninalijua mpaka anapotaja jina langu, halafu linatoroka. Kwa simu ni mbaya zaidi, kwa sababu naitikia kwa kichwa. Mama ameniambia mara nyingi, "Nyathina, mwanangu, mtu wa simu haoni hicho kichwa." Ndiyo maana naandika daftari. Daftari haliniambii nipaze sauti.

Sasa, maziwa. Tangu nikiwa darasa la tano Mama ndiye anayebeba maziwa ya kikundi cha akina mama wa upande wetu, chini ya Sosiot. Kila asubuhi anapita getini kwa kila mmoja, anachukua mtungi, anaupeleka Kapsoit kwenye mtambo wa kupozea. Lori kubwa linafika pale kuyachukua na kuondoka saa tatu, na likiondoka limeondoka. Mama anaipenda kazi hiyo kuliko anavyopenda kukubali. Baba yake mzazi, yaani babu, alikuwa dereva wa trekta ya majani kwenye shamba kubwa la chai, mmoja wa wale waliotoka upande wa ziwa wakaja kufanya kazi huku wasirudi, na ndiye aliyemfundisha kuendesha katikati ya mistari ya chai kabla miguu yake haijafika vizuri kwenye klachi. Hakuna mama mwingine upande wetu anayeendesha gari la kazi. Baba, ambaye ni mtu wa boila kiwandani na analala mchana akitoka zamu, husema tu, "Hiyo gari ifanyeni nyumba ya kuku." Mama humjibu, "Kuku watakubali, lakini hawatafika Kapsoit."

Likizo ile ya Agosti tulichelewa mara mbili. Mara ya pili tulirudi na mitungi yote, na wiki hiyo kila nyumba ilikuwa na mursik, yale maziwa ya kugandisha kwenye kibuyu, ya kutosha harusi isiyokuwepo. Mwenyekiti wa kikundi akaja kwetu. Ni mama Mkipsigis mwenye sauti nzito na moyo mzuri, na akija kusema jambo gumu huanza mbali. Aliongea kuhusu mvua ya mawe, bei ya majani, shule yangu, ng'ombe wetu. Alimaliza chai. Aliposimama ndipo alisema.

"Mama, sisi tunakupenda. Lakini wanachama wameongea. Ukichelewa tena Jumatatu, tutampa yule jamaa wa tuktuk."

"Tuktuk ibebe mitungi yote hiyo?"

"Atarudi mara mbili. Ameapa."

Mama alimsindikiza mpaka getini wakicheka, kama kawaida. Aliporudi aliosha vikombe ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Alhamisi fundi akaja. Gereji yake iko Kapsoit, na ni mtu mfupi, mwenye mzaha, anayevaa koti la mvua hata jua likiwaka kwa sababu anasema hawezi kudanganywa na anga la Kericho. Ni Mkipsigis wa hapa hapa, na kwake p na b ni mtu na ndugu yake: anamtuma yeyote aliye karibu. Hivyo hivyo na t na d, na k na g. Sisi wa upande wa ziwa hatuwezi kumcheka sana, kwa sababu kwa Mama sh haipo kabisa. Shida ni sida, na shamba ni samba. Wakikutana wawili hao unaweza kulipa kiingilio.

"Mama, sida yako ni nini leo?" fundi alimwuliza akishuka.

"Sida yangu ni wewe, fundi wa bikibiki."

"Ah, mimi ni wa magari. Bikibiki ni ya kunibeba tu."

Alitoa plagi zote nne, akafunga geji yake mahali pa plagi ya kwanza, akaniambia nizungushe ufunguo. Geji hiyo inaonyesha injini inakandamiza hewa kwa nguvu kiasi gani kabla ya kuichoma. Silinda ya kwanza, sawa. Ya nne, sawa. Zile mbili za katikati, sindano ilipanda kidogo kama mtu aliyeitwa asiyetaka kuamka.

"Kasket imeungua hapa katikati," alisema. "Hizi silinda bili zinaazimana bumzi."

Gasketi ni ule utando unaokaa kati ya bloku ya injini na hedi, yaani kile kifuniko chake kizito cha juu, ili moto na maji visipite. Mama alidhani tutaweka nyingine kama ile na mambo yaishe. Fundi akatikisa kichwa. Alichuchumaa, akachora vumbini kwa bisibisi: silinda, pistoni, hedi juu yake.

"Gari hii ilitengenezewa watu wa chini, huko kwa joto. Huku juu hewa ni kidogo. Inavuta lakini haishibi. Sasa, tukiweka kasket nyembamba, hedi inakaa chini zaidi. Hii nafasi ya juu inakuwa ndogo. Hewa inabanwa zaidi. Ikibanwa zaidi, ikichomeka inasukuma zaidi. Mnaona?"

Mama aliona. Mimi niliona pia, lakini kwa njia yangu. Ukichuma chai unaambiwa kila siku usishindilie majani kwenye kikapu, kwa sababu yakibanwa yanapata moto yenyewe, yanakuwa mekundu, na karani anayakataa. Nikajikuta nimesema kwa sauti, "Kama majani kwa kikapu."

Fundi aligeuka kunitazama. "Mama! Huyu anaongea!"

Nikatamani kuingia chini ya pikapu.

"Na amesema kweli," akaendelea. "Moto unatoka kwa kubanwa. Ukibana sana, inapata moto kabla ya wakati, inaanza kugonga. Na valvu nazo zinaweza kugusa pistoni. Kwa hivyo tutapima kwanza. Sio kubana tu ovyo kama mtu anafunga sanduku ya shule."

Alitafuta gasketi mbili mjini: moja nene ya kawaida, iwe ya akiba, na moja nyembamba ya chuma, inayong'aa, ambayo ukiigonga na kucha inalia. Jumamosi asubuhi akaja nazo akazitundika kwenye misumari miwili ya nguzo ya kibanda chetu cha mabati ambako pikapu hulala. Nene kwenye msumari wa kwanza, nyembamba kwenye wa pili. Hakusema chochote kuhusu misumari. Baadaye nilielewa kwamba kwake gasketi zile zilishapata majina pale pale, ya kwanza na ya pili. Kwetu zilikuwa gasketi zinazoning'inia.

Tuliifungua injini sisi watatu. Mama anajua spana. Yeye ndiye aliyekuwa anamshikia babu taa wakati wa kutengeneza trekta. Hedi ilipotoka tuliiweka juu ya gunia, tukakwangua masizi kwa wembe. Halafu fundi akaomba unga wa ngano.

"Wa nini?" Mama akauliza. "Unataka sapati?"

"Donge moja tu. Na mafuta kidogo, isishike."

Nilikanda mimi. Akaweka vidonge viwili vya unga juu ya pistoni, mahali valvu zinaposhukia, akarudisha hedi na gasketi ya zamani, akazungusha injini kwa mkono, polepole, akafungua tena. Kwenye unga kulikuwa na alama mbili safi, kama umebonyeza kwa kidole gumba. Unene uliobaki chini ya alama ndiyo nafasi iliyopo kati ya valvu na pistoni. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo kikifanywa na unga, na mimi nakula sana chapati.

Lakini kipimo chake kizuri kilikuwa gereji. Akaweka vile vidonge ndani ya kijaluba cha sabuni, akavaa koti lake, akasema ataenda kupima na atarudi. Hakurudi. Trekta ya majani ilikuwa imekwama na mzigo huko Kabianga, na majani hayangoji mtu. Alipiga simu saa nane mchana, wakati ambao mvua yetu hufika kama mfanyakazi anayeogopa kufutwa.

Mama alikuwa na grisi mpaka viwikoni. "Sika hiyo simu," akasema.

Mvua ilikuwa inapiga mabati kama kokoto. Nilisikia, "Haloo! ... nimebima unga ... nafasi iko ... naenda Kabianga, huko nedwok hakuna ... ambia mama afunge, anajua ... weka kasket ... bili ... bili! Umesikia?"

Niliitikia kwa kichwa. Halafu nikakumbuka. "Ndio," nikasema. Simu ikakatika.

"Anasemaje?"

"Nafasi iko. Tufunge. Tuweke gasketi mbili."

Mama alisimama wima. "Mbili? Si hiyo nene ni ya akiba?" Alitazama misumari. "Muulize tena."

Niandike hapa jinsi ilivyokuwa, kwa sababu kwingine kote nimeipunguza. Nilitazama simu. Ilikuwa giza. Ningeweza kumpigia, pengine alikuwa hata hajawasha pikipiki. Lakini kumpigia ni kusema "sikusikia," na kusema "sikusikia" ni yeye kurudia kwa kelele, na mimi kutosikia tena, na yeye kucheka. Haya yote yalinipitia kichwani kwa muda mfupi kuliko wa kuyaandika. Nikaweka simu iliyokufa sikioni. Nikasema, "Fundi, ni mbili?" Nikangoja kiasi ambacho mtu hungoja jibu. Hata nilikunja uso kidogo, kama mtu anayesikiliza kwa shida. "Sawa, sawa."

Nikamwambia Mama, "Ni mbili."

"Basi labda hiyo ya suma ni nyembamba sana, lazima ibebwe na nyingine," akasema Mama, na akazichukua zote mbili kwenye misumari yake.

Kinachoniuma ni kwamba alasiri hiyo ilikuwa tamu. Fundi alikuwa ameandika nambari kwa chaki juu ya hedi, boliti ya kwanza katikati, halafu kwenda nje huku na huku, kama mtu anayelainisha shuka kitandani. Mama alikaza kwa ile spana ndefu inayolia tak nguvu ikitosha, mimi nikisoma nambari. Tulirudia raundi tatu. Tukarekebisha valvu. Mvua ikaisha, mabati yakaanza kudondosha matone, na Mama akaimba. Alinipa spana niifute, akasema, "Tungekuwa na gereji, wewe na mimi." Nikasema ndio. Kwa mdomo, si kwa kichwa.

Jumapili baada ya kanisa tukaenda kuijaribu. Iliwaka baada ya kubembelezwa sana, na sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya adabu.

"Imetulia," alisema Mama.

Tulijaza mitungi maji ya mtoni ili mzigo uwe kama wa kesho, tukavuka daraja, tukaukabili mlima. Nilijua kabla ya Mama kujua. Zamani ilikuwa inafika katikati ya mlima ndipo ianze kuomba msamaha. Safari hii ilianza kuomba tukiwa bado tunaliona daraja. Gia ya kwanza. Mama akainama. Nikainama. Tukafika kwenye kona ya mti wa mkaratusi, injini ikakohoa, ikazima, na tukaanza kurudi nyuma.

Mama alikanyaga breki. Nyuma yetu akina mama wa kanisa walikuwa wanapanda kwenda kumwona mgonjwa, na vitambaa vyao vyeupe, mwenyekiti akiwa mbele. Hawakungoja kuombwa. Waliweka Biblia zao ndani ya bodi ya pikapu, wakaanza kusukuma. Matope ya jana yakaruka. Tulisogea hatua kama kumi, tukasimama, mwenyekiti akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akajipangusa.

"Mama," alisema, akihema, "kesho ni Jumatatu."

"Najua."

"Sasa hii imetengenezwa, ama imeharibiwa?"

Mama akishikwa na hasira huwa hapandishi sauti; huwa anatulia, na hiyo ndiyo ya kuogopa. Na hapo hapo, kana kwamba ameitwa, tukasikia pikipiki ikishuka kutoka juu. Fundi, na koti lake, matope ya Kabianga mpaka magotini, uso umejaa tabasamu.

"Iko aje? Inabanda?"

"Haibandi," alisema Mama. "Fundi, nimekuamini miaka mingapi? Kumbe wewe ni mwongo wa kawaida tu. Umenifanya nifungue injini ya watu, ukaniambia maneno ya unga na hewa nyembamba, na sasa gari ni mbaya kuliko jana. Kesho nikikosa hii kazi, nitakuja kwa gereji yako niseme hivi hivi mbele ya watu wako."

Tabasamu lilimtoka fundi polepole. Alifungua boneti, akainamisha kichwa, akapitisha ukucha wake pembeni mwa injini pale hedi inapokutana na bloku. Kulikuwa na mistari miwili pale. Mmoja mweusi, mmoja wa fedha.

"Nani ameweka hizi bili?"

"Si ni wewe umesema mbili!"

"Mimi? Mimi nimesema ya bili! Weka kasket ya bili! Ya kwanza, ya bili, ya tatu, ya nne!" Alihesabu kwa vidole hewani. "Zikiwa bili, hedi inabanda juu! Nafasi inakuwa kubwa! Hewa inakaa tu humo kama majani machache kwa kikapu kikubwa. Mmefanya kinyume kabisa!"

Akina mama wote wakaangua kicheko. Mmoja aliketi chini kwenye nyasi. Mwenyekiti, ambaye mwenyewe huita pesa besa, ndiye aliyecheka zaidi. "Fundi! Rudi darasa la kwanza, ufundishwe kuhesabu upya! Bili na bili!" Hata Mama mdomo ulianza kumcheza. Kila mtu alikuwa amepata mwenye kosa, na kosa lenyewe lilikuwa la kuchekesha, na mimi nilikuwa salama kabisa, nimesimama kando na jiwe la akiba mkononi.

Fundi alicheka nao. Halafu akaacha kabla yao. Akawa anafuta ukucha wake na kitambaa, akiutazama, na akasema kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Labda ni mimi. Huu ulimi wangu. Hata shuleni walikuwa wananicheka hivi. Nisamehe, mama."

Naijua sauti hiyo. Ni ile ninayotumia mimi.

"Si yeye," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Ilinibidi nirudie, na hilo ndilo jambo ambalo nimelikwepa maisha yangu yote, kusema kitu mara ya pili.

"Si yeye! Mama alinituma nimwulize tena. Simu ilikuwa imekatika. Sikumpigia. Nilijifanya naongea."

Wanawake kama kumi wenye vitambaa vyeupe walinigeukia. Masikio yangu yaliwaka mpaka nikadhani yanaonekana kutoka Sosiot.

Mama akauliza, "Ulijifanya unaongea na simu iliyokufa?"

"Ndio."

"Na ile 'sawa, sawa'?"

"Ilikuwa yangu peke yangu."

Mwenyekiti akaweka mkono mdomoni, mabega yakimtikisika. Mama hakucheka. Alimgeukia fundi, na mbele ya wale wale waliomsikia akimtukana, akasema, "Fundi, nimekukosea. Sida haikuwa wewe."

"Sida imeisha," alijibu fundi, akiitamka makusudi kama yeye. Akatazama juu. "Mvua iko bado saa moja. Gari irudi nyumbani tufungue."

Kushuka mlima hakuhitaji kompresheni. Tulimwaga maji, tukaliachia gari, likaturudisha mpaka darajani kwa uzito wake lenyewe, na kutoka hapo likajikokota mpaka kibandani.

Hedi ikatoka, ile gasketi nene ikatoka imebanwa na kupinda, haifai tena. Ile ya chuma fundi aliigeuza mbele ya mwanga, akaigonga kwa kucha, ikalia. "Haijaumia," akasema, akaipulizia rangi ya fedha ya kuzibia pande zote mbili, tukangoja ikauke. Mvua ikaja. Safari hii spana ndefu alipewa mtu mwingine: mimi. Fundi alikaa juu ya mtungi uliopinduliwa akitaja nambari, na alitaja kila moja mara mbili, kwa heshima zote, huku akionyesha kwa vidole. Mama alikuwa upande wa pili wa injini, ameshika taa ya simu, na hakuwa ameniambia neno tangu mlimani. Boliti ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Nilipofika ya sita spana ilikuwa nzito, nikataka kuachia.

"Bado," alisema Mama. "Ngoja ikuambie yenyewe."

Nikavuta. Tak.

"Hapo," akasema.

Baba aliamka kwenda zamu ya usiku, akatukuta tunafunga boneti. "Kuku wamehamia?" akauliza.

Jumatatu asubuhi ukungu ulikuwa bado umelala juu ya chai tulipopita geti la mwisho. Mwenyekiti mwenyewe alipandisha mtungi wake, akaufuta mfuniko kwa kitambaa mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Tukavuka daraja. Mama alishika gia ya pili, mkono ukabaki juu yake tayari kurudisha ya kwanza.

Hakuirudisha. Pikapu ilipanda. Sitasema ilipaa, maana ni ileile kuukuu, lakini ilipanda kama mtu aliyekunywa uji. Karibu na mkaratusi ilianza kugonga kidogo, ting ting ting, kama kijiko kwenye kikombe, na Mama akapunguza mafuta kama alivyoelekezwa, ikanyamaza. Niligundua hatukuwa tumeinama, si yeye wala mimi. Na kule juu, kabla ya lami, tukamfikia yule nyanya wa kuni.

Mama alipunguza mwendo, akashusha kioo. "Simama, nyanya," akasema. "Nikuletee kamba?"

Nyanya alicheka mpaka kuni zikacheza mgongoni. Tukampakia, yeye na mzigo wake, kwa sababu sasa tuliweza.

Tulifika kwenye mtambo lori likiwa halijafungua hata bomba lake. Mama alipakua mtungi mmoja mmoja bila haraka, akiwasalimu watu wote kwa zamu, kama mtu aliyekuja kutembea. Yule jamaa wa tuktuk alikuwepo. Alitazama saa yake, akatazama pikapu, akaondoka kwenda kutafuta abiria.

Tulikuwa tumerudi ndani ya gari, tuko tayari kwenda gereji ili fundi arekebishe kule kugonga kidogo, simu ya Mama ikaita. Ni yeye. Mama alinipa mimi, ingawa mikono yake ilikuwa safi.

"Mkikuja," alisema fundi, "biteni kwa duka mniletee bamba."

Zamani ningesema ndio. Ningeingia duka la vifaa, nitoke na kipande cha bati, nikipeleke, nife kwa haya.

"Fundi, sema tena. Bamba ya mabati, ama pamba ya duka la dawa?"

Nilisikia watu wa gereji wakianza kucheka nyuma yake, na yeye akiwacheka wao. "Ya dawa! Ile ya masikio, lakwet, mtoto wewe, ile ya masikio! Na ya kwako utumie kwanza!"

"Pakiti ngapi?"

"Bili!"

Nilivuta pumzi. "Fundi," nikasema, kwa sauti kubwa kabisa, "nionyeshe kwa vidole."

Mama aliangukia usukani akicheka, na honi ikalia mpaka watu wa maziwa wakageuka wote kututazama. Sikuteleza chini ya dashibodi. Nilikuwa nangoja jibu.